Ekseli ya nyuma ya gari la porini: dalili, chanzo, na cha kuimarisha

Jumatatu asubuhi karakana za Industrial Area, Nairobi, hupokea magari yanayofanana: vumbi jeupe la Magadi hadi madirishani, udongo mweusi wa Kajiado umekauka ndani ya rimu, na mwenye gari ameshika simu yenye orodha. Anataka loka, kile kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Anataka hafu shafti za nguvu, zile zinazozungusha kila gurudumu. Anataka ratio ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ibadilishwe na hausingi, ganda la ekseli, ichomelewe vyuma. Mimi huuliza kwanza kile kilichovunjika kiko wapi. Mara nyingi kimeachwa porini, au kimeshauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shahidi wetu ameenda nacho.

Ninazungumzia ekseli nzima za nyuma, zile za Land Cruiser 70, Hilux, Land Rover ya zamani na Suzuki Jimny, ambapo magurudumu mawili yamebebwa na hausingi moja. Ukiimarisha kitu bila kujua kwa nini kilivunjika, unalihamishia tatizo kwa jirani yake. Shafti ikigoma kukatika, meno ya pinioni, gia ndogo ya mbele ya difu, yatakatika, na pinioni ni ghali kuliko shafti na haibadilishwi chini ya mgunga.

Anza na oili kabla ya lolote lingine. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukifanya kinyume na ya juu ikagoma, umebaki na difu tupu. Tazama sumaku iliyo kwenye nati. Uji wa kijivu, laini kama rangi, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza ukivisugua kwa vidole ni beringi au meno. Ukikuta kipande chenye umbo la jino, gari lisiwashwe tena.

"Inavuma nikifika themanini"

Usifungue difu kwa sababu ya mvumo kabla hujaendesha gari mwenyewe. Southern Bypass asubuhi na mapema inafaa, ukiwa na mtu mwingine kiti cha nyuma wa kusikiliza. Shika mwendo mmoja, ongeza mafuta, kisha achia kabisa.

Mvumo unaopanda ukikanyaga na kupungua ukiachia unatoka kwenye krauni (gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni) na pinioni yenyewe, na mara nyingi kina cha pinioni hakikuwekwa sawa. Ukitokea ukiachia tu, shuku beringi za pinioni zilizolegea. Usiobadilika kwa kanyagio, bali unafuata mwendo tu, ni wa beringi: ya gurudumu au za kubebea krauni. Piga kona ndefu. Sauti ikiongezeka gari likiegemea upande mmoja, ni beringi ya gurudumu la upande ulioelemewa.

Halafu kuna tairi za matope. Nimewahi kuletewa gari ambalo difu yake ilikuwa imefunguliwa mara mbili mahali pengine, kumbe ni tairi mpya za inchi 33 zilizokuwa zikiimba kwenye lami. Toka kwenye lami uingie kwenye murram laini: sauti ya tairi itabadilika mara moja, ya difu itabaki ileile.

Mvumo ukianza baada ya kuweka krauni na pinioni mpya, hiyo ni kazi ya aliyezifunga. Difu nyingi za Toyota za inchi 8 zinahitaji mwanya wa milimita 0.13 hadi 0.18 kati ya meno. Kipimo hicho husomwa kwa saa ya kupimia, hakikisiwi kwa kutikisa na mkono. Pakaa rangi kwenye meno machache ya krauni, zungusha huku msaidizi akiizuia kidogo, kisha uangalie alama. Inatakiwa ikae katikati ya jino, haijapanda kileleni wala kuzama kwenye mzizi.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni nati ya pinioni. Ndani yake difu nyingi zina bushi laini inayokusudiwa kubonyea kidogo ili beringi zibanwe kwa kiasi. Fundi anabadilisha oili sili, anachukua bunduki ya upepo, anakaza hadi mlio ubadilike. Bushi imebonyea kupita kiasi na beringi zinapikwa. Baada ya kilomita ishirini pua ya difu, pale inapofungwa propela (shafti ndefu itokayo gia boksi), haigusiki kwa moto. Kulegeza nati hakusaidii, kwa sababu bushi iliyobonyea hairudi. Weka mpya, kaza kidogo kidogo huku ukipima uzito wa kuzungusha pinioni.

Kuhusu ratio yenyewe, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, hesabu ni ya shule ya msingi. Gari lililokuwa na difu ya 4.10 na tairi za inchi 31, ukilivika za inchi 35, linahitaji 4.10 × 35 ÷ 31, yaani 4.63, ili liwe na pumzi ileile. Utachagua kati ya 4.56 na 4.88. Huku kwetu juu, kwenye mita 1,700 hivi, injini ya dizeli isiyo na tabo huwa imeshachoka kabla hujaibebesha chochote, kwa hiyo naelemea 4.88. Fahamu mambo mawili: kadiri namba inavyopanda ndivyo pinioni inavyokuwa ndogo na dhaifu zaidi, na difu ya mbele lazima ipewe ratio hiyohiyo. Ukiacha ya mbele ilivyokuwa, siku utakapovuta 4L (magurudumu manne kwa gia ndogo) kwenye ardhi kavu ekseli mbili zitapigana hadi moja ivunjike.

"Inagonga nikiingiza gia"

Mlio mmoja, "ko!", unapoachia klachi au unapobadilisha kutoka mbele kwenda rivasi. Wengi hukimbilia difu, nami huanzia mbele kurudi nyuma: krosi (viungo) za propela, splaini (meno ya shafti) za propela pale inapotelezea, nati ya pua ya difu, yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi. Difu ni ya mwisho.

Kabla hujaingia chini, onyo kwa wenye Land Rover. Breki ya mkono ya Defender ya zamani na za Series zilizoitangulia haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya gia boksi ndogo na inashika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililoinuliwa lizunguke, na gari linabingirika likiwa na breki ya mkono. Kinga magurudumu kwa mawe pande zote mbili, tumia stendi, usiamini jeki peke yake.

Ukiwa chini, shika propela kwa mikono miwili uisokote huku na huku. Krosi mbovu utaiona: upande mmoja unasogea kabla ya mwingine. Krosi zikiwa nzima na pua ya difu ikazunguka pembe kubwa kabla gurudumu halijajibu, mwanya uko ndani: washa (visahani) za gia ndogo za ndani ya difu zimekwisha, au splaini za shafti zimelika. Kwenye Land Rover angalia pia kile kichwa kinachounganisha shafti na habu (kitovu cha gurudumu), splaini zake huliwa taratibu hadi zikawa kama meno ya mzee.

Yu-bolti zilizolegea hugonga vilevile, na hilo ni kosa rahisi lenye madhara makubwa. Ekseli inasogea juu ya springi, bolti ya katikati ya springi inabeba kazi isiyo yake, inakatika, na ghafla gari linatembea kiubavu kama kaa.

"Injini inaunguruma, gari halisogei"

Umeingiza gia, propela inazunguka, gari limesimama. Hafu shafti imekatika. Kwenye Land Rover yenye breki ya mkono ya kwenye propela, hata breki hiyo haitashika tena usipofunga difu ya katikati, kwa hiyo tafuta jiwe kabla ya kutafuta spana.

Uliza kwanza ekseli yako ni ya aina gani. Kwenye fulifloti, uzito wa gari hubebwa na habu na beringi mbili zilizokaa juu ya hausingi, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kuitoa, ukafunika tundu ili oili isimwagike na mchanga usiingie, ukaingiza magurudumu ya mbele na kurudi nyumbani polepole. Kwenye semifloti kama Hilux nyingi, shafti hiyohiyo ndiyo imebeba gurudumu. Ikikatika karibu na flanji (kisahani cha kufungia gurudumu), gurudumu linakupita barabarani. Mtu anayebeba familia na maji lita mia kwenda bonde la Suguta kwa semifloti, ningependa atumie pesa zake kwenye fulifloti kabla hajaota loka.

Sasa, kile kipande kilichovunjika. Kifute kwa kitambaa, usikisugue kwa brashi ya waya, kisha ukipeleke juani.

Splaini zikiwa zimesokotwa kama kamba, na mkato wenyewe umenyooka kama uliokatwa na msumeno, shafti ilizidiwa na nguvu ya kusokota. Ilikuwa laini na ilijaribu. Chukua mfano wa gari lenye injini ya Nm 280 (kipimo cha nguvu ya kusokota), gia ya kwanza yenye ratio ya 4, gia ndogo ya 4L ya 2.3 na difu ya 4.1. Zidisha: inapita Nm 10,000. Difu ya kawaida hugawa nguvu hiyo nusu kwa nusu. Loka haigawi. Gurudumu moja likiwa hewani na jingine limebanwa na mwamba, karibu nguvu yote inapita kwenye shafti moja. Ndiyo maana gari lililokaa miaka kumi na shafti zake za kiwandani huzikata mwezi wa kwanza baada ya loka. Hapo ndipo shafti ya chuma cha 4340, aloi imara, ina maana, au kwa Land Rover ya zamani, kuhama kutoka splaini 10 kwenda 24.

Mkato ukiwa umezunguka kwa mshazari, chuma kilikuwa kikavu, kikapigwa ghafla. Shika chaki uisokote uone: huvunjika hivyohivyo. Tabia hiyo ni ya shafti ngumu isiyo na uvumilivu, au ya dereva anayeruka huku gurudumu linazunguka hewani, likatua likashika mwamba. Shafti mpya haitamponya mguu wake wa kulia.

Aina ya tatu ndiyo inayonifanya niwaombe watu wasitupe vipande. Uso wa mkato una mistari myembamba iliyopindana, kama ya kisiki cha mti, ikianzia kwenye nukta moja ukingoni, kisha sehemu ndogo yenye chengachenga. Chuma kilichoka. Ufa ulianza kitambo, ukala kidogo kila mzunguko, na siku ya mwisho kilibaki kipande kidogo tu kikakatika hata kwenye lami.

Mteja mmoja alinipigia akiwa anarudi kutoka Shompole.

"Fundi, shafti imeenda tena. Ile ya kushoto."

"Ile niliyokuwekea Desemba?"

"Hiyohiyo. Niambie tu za nguvu ni pesa ngapi, nichoke mara moja."

"Mzee, leta kwanza vipande. Bei tutaongea ukishafika."

Alivileta vimefungwa kwenye gunia. Land Cruiser yake ni fulifloti, shafti haibebi uzito, na bado uso ulikuwa na mistari ya kisiki. Shafti ya fulifloti haina sababu ya kuchoka kwa kupindwa, isipokuwa hausingi yenyewe imepinda na kuilazimisha ipinde na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Ya bei mbaya ingechelewa kidogo tu kufika mahali palepale.

"Sili ya kushoto inavuja kila baada ya miezi miwili"

Haya ndiyo malalamiko halisi ya hausingi iliyopinda, na karibu hakuna anayeyaleta kwa jina hilo. Yanakuja kama sili inayovuja hadi oili ikafika kwenye lainingi za breki, beringi ya upande mmoja isiyodumu, tairi linaloliwa ukingo wa ndani, au shafti inayogoma kuingia hadi uigonge. Shafti nzima huingia kwa mkono.

Pima. Simamisha gari kwenye stendi zilizo chini ya hausingi. Zungusha kila gurudumu huku chaki imeshikwa imara, uchore mstari mwembamba kwenye tairi. Mstari huo hauna uongo wa rimu iliyopinda. Kwa futi ya fundi, pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa tairi, kwa kimo cha ekseli, kisha upande wa nyuma. Fanya hivyohivyo juu na chini. Ekseli nzima haina sababu ya kutofautiana. Milimita moja au mbili naiacha, tatu naitilia shaka, na zaidi ya hapo naondoa difu.

Mzigo hupinda hausingi kwa namna moja: springi zinasukuma chini katikati, magurudumu yanasukuma juu pembeni, kwa hiyo vilele vya tairi vinaingia ndani. Ukiona hivyo, ni uzito na mashimo. Tofauti ikiwa ni ya mbele na nyuma, kuna jiwe lililogongwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la trasi, lile daraja la chuma linalochomelewa kwenye hausingi. Ya kwanza niliyoitengeneza niliiharibu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na bamba la milimita 6 na haraka, nikalichomelea juu ya hausingi ya Hilux kwa mstari mmoja mrefu kutoka mwisho hadi mwisho. Ilipendeza. Ilipopoa, chuma kilichoyeyuka kilijikunja, kikavuta ncha juu, na vilele vya tairi vikaingia ndani: upande uleule ambao mzigo huvuta. Niliimarisha ekseli iliyonyooka mpaka ikapinda, tena ikawa ngumu sana kuinyoosha.

Sasa nafanya hivi. Difu, shafti, sili na beringi zote zinatolewa. Chuma cha duara kilichonyooka kinapitishwa ndani ya hausingi kutoka mwisho hadi mwisho, kimeshikwa na visahani vilivyochongwa vikae mahali pa beringi. Bamba la milimita 4 au 5 linashikizwa kwa nukta. Halafu nachomelea sentimita tatu hapa, nahamia upande wa pili, narudi katikati, na kupumzika hadi mkono uvumilie kugusa. Kile chuma cha duara kikianza kubana, naacha na kuhamia upande wa kinyume ili uvute kurudi. Haimwagiwi maji. Waya wa ardhi unafungwa jirani na panapochomelewa, na mkondo wa umeme usipewe njia ya kupita kwenye beringi. Kazi ya namna hii inakula siku nzima, na anayekuahidi kuimaliza kabla ya chakula cha mchana mshukuru uondoke.

Kuna tofauti moja. Hausingi za Toyota na za Land Rover ndogo ni mabati mazito yaliyokandamizwa, yanachomelewa vizuri. Ekseli ya Salisbury ya Land Rover ndefu ina tumbo la chuma cha kumimina ambamo mirija imesukumizwa. Tumbo hilo halipendi rodi za kawaida. Lipashwe moto kwanza na litumie rodi za nikeli, la sivyo ufa utatokea pembeni ya mstari kabla hujamaliza chai.

Hausingi ya yule mzee wa Shompole ilikuwa na tofauti ya milimita 7. Tuliinyoosha, ikapata trasi, akaondoa tangi la maji la nyuma akaliweka katikati ya ekseli mbili. Zile shafti za bei hakuzinunua, bado anatembelea za kiwandani.

"Oili imekuwa kama chai ya maziwa"

Maji yameingia. Usitafute sili kwanza, tafuta bomba la kupumulia. Difu iliyotoka barabarani ni moto, hewa ndani imepanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye mto Ewaso Ng'iro hewa inasinyaa, na kama kipumulio kimezibwa na matope, difu itavuta maji kupitia sili. Kikizibwa bila mto wowote, mgandamizo unasukuma oili nje, na utabadilisha sili tatu bure. Pandisha mpira hadi ndani ya boneti au nyuma ya taa, gharama yake ni ya mlo mmoja mjini. Ukishavuka maji marefu, mwaga oili wiki hiyohiyo. Matope ya Magadi osha siku ileile, magadi hula chuma huku umelala.

"Inatetemeka tangu tuliinue"

Ukiinua gari inchi mbili au tatu, pua ya difu inabaki ikitazama palepale huku gia boksi imepanda. Kwa propela ya krosi mbili, pembe ya juu na ya chini zinatakiwa ziwe karibu sawa. Pima kwa programu ya pembe ya simu, inatosha. Zikitofautiana, kabari za chuma kati ya springi na ekseli huzirudisha. Epuka za alumini, hupasuka.

Mtetemo unaotokea ukiondoka tu, kwa mguu mzito, ni jambo jingine: springi laini inajikunja kama herufi S na pua ya difu inainuka. Springi za juu zilizolegea na tairi kubwa huleta hilo. Dawa ni fimbo ya kuizuia ekseli isizunguke, na ndiyo inayookoa krosi nyingi kwenye udongo mweusi wa Kitengela.

"Tangu niweke loka inatoa milio"

Loka ya kujifunga yenyewe, kama Detroit, hutoa mlio wa kra-kra kwenye kona na wakati mwingine kishindo kwenye maegesho. Ndivyo ilivyo, usiifungue. Ya upepo kama ARB ikiwa kompresa haitulii, kuna hewa inayovuja. Vipulizie viungo vya mpira maji ya sabuni. Ukiona povu la oili likitoka kwenye bomba lake la hewa, mpira wa duara ulio ndani ya difu umekatika, na hapo lazima ifunguliwe.

Magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989, hupewa ushindi kwa kwenda umbali mfupi kuliko wote, kwa hiyo hupita juu ya kila kitu. Ekseli zake zimejengwa kwa siku moja kwa mwaka na kundi la mafundi nyuma yake. Gari lako linaenda Naivasha Ijumaa na shuleni Jumatatu.

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi, krauni mpya iendeshwe polepole nusu saa, ipozwe kabisa, bila kuvuta trela, na oili imwagwe baada ya kilomita 800. Yu-bolti nazo zikazwe upya kwa kipimo baada ya kilomita 500, kwa sababu zote hurefuka kidogo zikiwa mpya, na zilizowahi kutumika hazirudishwi.